Ngoma ya Jumamosi, Ngoma ya Jumatatu: Mashabiki wa Muziki na Haki ya Barabara Lubumbashi

Timu ya mpira ikishinda Jumamosi jioni kwenye uwanja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, fanfari, yaani bendi ya tarumbeta na ngoma, hutoka uwanjani ikipuliza, mamia ya watu nyuma yake, na barabara hufungwa bila mtu yeyote kuandika barua. Polisi wa barabarani wenyewe ndio wanaosogeza magari. Kwenye matanga ya Katuba, moja ya komini za mji, karindula, ile ala ya nyuzi yenye mwili wa pipa, ikianza kulia, viti huwekwa katikati ya avenyu hadi alfajiri. Burgumestre, mkuu wa komini, hana habari, au anayo na amenyamaza. Wachukue watu walewale na ngoma zilezile, uwaelekeze mjini Jumatatu saa nne asubuhi wakiimba kwamba mabomba yamekauka au kwamba walimu hawajalipwa. Hawatamaliza kilomita ya kwanza kabla ya kuulizwa karatasi. Na karatasi hawana, kwa sababu Jumamosi hawakuihitaji.

Mjadala wa haki ya kuandamana Lubumbashi huanzia hapo, na hapohapo hupotea njia. Ofisi inasema vijana hawakuomba ruhusa. Vijana wanasema katiba ipo, inatosha. Makala hii inashikilia jambo lingine: makundi ya mashabiki yana karibu kila kinachohitajika ili kuandamana kwa amani na kwa mpangilio, isipokuwa kumbukumbu ya maandishi, na wameikosa kwa sababu wamezoea kuvumiliwa. Anayevumiliwa hana cha kumdai aliyemvumilia.

Makundi yenyewe hayafanani. Kuna fanfari za wapenzi wa timu za mpira, za TP Mazembe na za Saint-Éloi Lupopo. Kuna wapigaji wa karindula na wafuasi wao, ambao ukitaka kuwajua usiwatafute ukumbini, watafute kwenye vilio na kwenye harusi za komini. Kuna vijana wa rap, kuna wanaofuata waimbaji wa Kinshasa wakiwa na komite, rais na mweka hazina, kuna watu wa sape, yaani wapenda mavazi ya kifahari, kuna bendi za tarumbeta za makanisa. Wote hukutana mahali pa kudumu, huchanga, na hujuana kwa sura. Hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote, tutalirudia.

Watawala walianza kuiogopa ngoma iliyopangwa zamani sana. Chukua mbeni. Ilizaliwa pwani, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, watu walipoanza kuiga bendi za kijeshi za Wazungu: sare, vyeo, gwaride, na mashindano makali ya vikundi vya Marini na Arinoti. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliisambaza bara, ikafika kwenye migodi ya shaba. Mei 1935, ng'ambo ya mpaka wetu, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wachimbaji waligoma kupinga kodi iliyopandishwa. Mufulira walianza tarehe 22, wakafuata Nkana, kisha Luanshya, ambako watu sita waliuawa kwa risasi. Tume iliyoundwa kuchunguza mgomo haikuishia kwenye kodi na mishahara. Ilichunguza pia vyama vya mbeni, na viongozi wake wakalazimika kujieleza.

Kwa nini chama cha ngoma? Kwa sababu kilikuwa na orodha ya wanachama, na mweka hazina, na watu wa kupeleka habari kutoka kambi hadi kambi, na nidhamu ya kusimama kwa safu. Viongozi wa mbeni walikana kuhusika na mgomo. Wawe walihusika au hawakuhusika, mkoloni aliona jambo ambalo mashabiki wa leo wenyewe hawalioni: chama cha burudani na chama cha madai vina mifupa ileile.

Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Élisabethville, yaani Lubumbashi hii. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliokuwa wakidai nyongeza walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alifika na askari, risasi zikapigwa, makumi ya watu wakafa, akiwamo msemaji wao Léonard Mpoyi. Uwanja wa mpira ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika angeweza kusimama katikati ya umati bila kuulizwa anafanya nini. Na Kinshasa, tarehe 4 Januari 1959, mkutano wa chama cha siasa cha Abako kwenye jengo la YMCA ulizuiwa kwa sababu ruhusa haikukamilika. Watu waliokuja mkutanoni wakakutana na maelfu waliokuwa wanatoka kutazama mpira. Serikali ilihesabu maiti 49. Siku tisa baada ya hapo Ubelgiji ilitamka hadharani neno uhuru. Anayesema mashabiki na siasa ni vitu viwili tofauti hajasoma tarehe hizo.

Sheria inasema nini hasa

Kifungu cha 26 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ni kifupi. Uhuru wa kuandamana umehakikishwa. Maandamano yoyote kwenye barabara za umma au mahali pa wazi yanawalazimu waandaaji kuiarifu kwa maandishi mamlaka ya utawala inayohusika. Hakuna anayeweza kulazimishwa kushiriki. Sheria itaweka namna ya utekelezaji. Basi. Humo hamna neno ruhusa.

Neno hilo linatoka kwingine: amri yenye nguvu ya sheria namba 196 ya tarehe 29 Januari 1999, iliyotungwa wakati wa vita, miaka saba kabla ya katiba. Hiyo ndiyo inayodai idhini ya mapema kwa mikusanyiko ya barabarani. Kifungu cha 221 cha katiba kinasema maandiko ya zamani yanaendelea kutumika ilimradi hayapingani nayo. Sharti la ruhusa linapingana na kuarifu, hilo halihitaji profesa. Lakini maofisa wengi wamekulia ndani ya amri ya 1999 na barua wanazopokea nazo zimeandikwa kwa lugha yake, kwa hiyo wanajibu walichoulizwa. Ukiandika «tunaomba kwa heshima mtupe ruhusa», umempa ofisa mamlaka ambayo katiba ilimnyima, na sahihi ni yako.

Angalia sasa upande wa sherehe. Katiba haikusema maandamano ya siasa. Imesema maandamano yoyote. Fanfari inayofunga barabara Jumamosi ipo ndani ya kifungu cha 26 sawasawa na walimu wa Jumatatu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya jumla namba 37 ya mwaka 2020 kuhusu kifungu cha 21 cha mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, inaeleza kwamba hata mkusanyiko wa kibiashara unalindwa pale unapobeba ujumbe. Umati wa konseti ukiimba kibwagizo kinachowasema wakubwa haujapoteza ulinzi kwa kuwa uliingia kwa tiketi. Maelezo hayohayo yanasema vurugu za mtu mmoja hazihesabiwi kwa msafara mzima, na kwamba mikusanyiko inayozuka ghafla, isiyo na muda wa barua, nayo inalindwa.

Uganda walilipitia hili kwa njia ngumu. Polisi walitumia sheria ya mikusanyiko ya mwaka 2013 kuzima konseti za mwimbaji na mwanasiasa Bobi Wine moja baada ya nyingine, hadi Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha kifungu cha 8 kilichowapa uwezo huo. Uingereza ilifika mbali zaidi, hadi kuchekesha: sheria ya mwaka 1994 dhidi ya madisko ya mashambani ilibidi ieleze muziki unaolengwa, ikaandika kwamba ni sauti zenye mapigo yanayojirudia mfululizo. Ilianza na mikusanyiko ya watu 100. Mwaka 2003 wakashusha hadi 20. Serikali inayoandika mdundo ndani ya sheria ya jinai imekiri inachokiogopa.

Kwetu kuna njia ya tatu, ya kuukamata wimbo wenyewe. Novemba 2021 tume ya kitaifa ya udhibiti wa nyimbo ilizuia nyimbo kadhaa zisipigwe redioni, ukiwamo wa kundi la muziki la MPR na mmoja wa mwanamuziki Bob Elvis. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa mno, na zuio la wimbo wa MPR halikumaliza wiki. Huko mashariki mambo si ya tume tena: Delcat Idengo, mwimbaji aliyewahi kufungwa kwa ajili ya nyimbo zake, alipigwa risasi akafa Goma tarehe 13 Februari 2025, mji ukiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23. Anayeandika kutoka Lubumbashi kuhusu barua na mihuri anapaswa kukumbuka kwamba kuna miji ya nchi hiihii ambako barua haina pa kupelekwa.

Ngoma katikati, si mbele

Karindula ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya ubao na nyuzi nne. Mpigaji mmoja anacharaza, mwingine analipiga pipa ubavuni. Haihitaji umeme, kwa hiyo haijali kama SNEL, shirika la umeme, limekata. Inasikika vizuri ndani ya ua na inafifia barabarani. Ukitaka itembee, inahitaji angalau ngoma kubwa moja kando yake. Na ngozi ikinyonya unyevu wa masika hulegea, ndiyo maana wapigaji huipasha moto. Ipasheni kabla ya kutoka nyumbani. Moto mdogo wa karatasi kando ya barabara, hata ukiwa wa kukausha ngozi tu, kwenye ripoti ya jioni utaitwa kuchoma matairi.

Bidoni, yaani dumu, la petroli ni hivyohivyo. Sono, yaani vyombo vya kukuza sauti, ikipandishwa kwenye pikapu inataka jenereta, na jenereta inataka mafuta. Jazeni tangi mapema, na bidoni ya akiba ibaki nyumbani, hata kama muziki utakatika nusu saa kabla ya mwisho. Kifungu cha 25 cha katiba kinalinda mkusanyiko wa amani usio na silaha. Lita tano za petroli katikati ya watu 600 ni zawadi kwa mwendesha mashtaka. Vijiti vya ngoma viwe vya ngoma tu, na bendera zipandwe kwenye bomba jembamba la plastiki, si kwenye mti wa mwiko.

Kosa linaloharibu misafara mingi ni la mahali pa fanfari, na sababu yake ni fizikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Kwa hiyo aliye mita 170 nyuma analisikia pigo la kwanza wakati wa mbele wanapiga la pili. Watu sita kwa safu, safu moja kila mita 1.2, wanafikisha mita 120 wakiwa 600 tu. Fanfari ikitangulia, kama wengi wanavyopenda kwa ajili ya picha, mkia unapiga makofi nje ya mdundo, kisha unaanzisha wimbo wake, kisha unajikata. Penye mkato ndipo pikipiki hupenya, dereva wa teksi huanza kutukana, na mtu asiyejulikana hupata nafasi ya kurusha jiwe. Fanfari ikikaa katikati, wa mbali zaidi yuko mita 60 tu kila upande, na tofauti haifiki hata moja ya tano ya sekunde. Sikio halilalamiki.

Ngoma iliyo katikati inafanya kazi ya pili: inasimamisha. Megafoni hazisikiki, na zikisikika hazieleweki. Pigo la kukata, ambalo kila shabiki wa fanfari analijua tangu utotoni, linasimamisha watu 600 ndani ya sekunde chache. Polisi wakitaka kuzungumza, ngoma inakata, watu wanakaa chini, watu wawili wanaenda mbele. Vyama vya siasa havina chombo cha namna hii. Ndiyo sababu wakati wa uchaguzi hukikodi.

Kuhusu mwendo: msafara unaocheza hauvuki kilomita 2 hadi 3 kwa saa. Njia ya kilomita 4 kutoka komini ya Kenya hadi Place Moïse Tshombe, katikati ya mji, si ya saa moja. Waandaaji huandika saa moja ili waonekane wapole, saa ikipita wanakuwa wamevunja barua yao wenyewe, na hapo gesi ya machozi inapata sababu. Andikeni saa mbili na nusu. Kumaliza mapema hakujawahi kuwa kosa.

Na mwisho wa njia uwe wazi, wenye mahali pa kutokea zaidi ya pawili. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye konseti ya mwimbaji Fally Ipupa katika Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walikufa kwa msongamano, polisi wawili wakiwamo. Umati ukizidi watu 4 kwa mita moja ya mraba na bado unasogea, hatari inaanza kupanda, na ukizidi kubanana mtu hana tena amri juu ya miguu yake. Uwanja uliozungukwa na kuta na magari ya polisi unaweza kufikia hapo kwa watu wachache sana kuliko wale wa uwanja wa mpira.

Ngoma ya kukodi

Hapa lawama ni za mashabiki wenyewe. Waimbaji wetu wamezoea mabanga, jina la mwenye pesa likitajwa ndani ya wimbo kwa malipo, na mashabiki nao wamejifunza biashara hiyo: fulana, nauli, kinywaji, na fanfari nzima inahamia kwa mheshimiwa hadi jioni. Kila mtu mjini anajua. Fanfari iliyoonekana Mei ikimpokea huyu na Juni ikimpokea adui yake haitaaminika Julai ikidai maji. Ofisi itauliza nani amewatuma, na kwa bahati mbaya swali lina msingi. Kifungu cha 26 kimekataza kumlazimisha mtu kushiriki. Hakikukataza kumlipa, na mwanya huo umekula heshima ya ngoma kuliko virungu.

Kuna pia wanaougeuza ushabiki dhidi ya mwimbaji. Wakongo wa Ulaya wanaojiita combattants walizuia konseti Paris, Bruxelles na London kwa miaka, wakiwashtaki wanamuziki kuwa waliimbia madaraka. Wengi wao ni mashabiki wa zamani. Ndiyo maana wanaumia hivyo. Kugomea tiketi, kupiga filimbi mlangoni, kushika mabango: hiyo ni haki kamili, na anayeiita chuki dhidi ya wasanii anajilinda. Lakini tarehe 28 Februari 2020, Fally Ipupa akipiga Bercy, ukumbi wa Paris, pikipiki na magari vilichomwa karibu na Gare de Lyon, stesheni ikaondolewa watu, na konseti ikafanyika vilevile. Moshi huo uliyafunika madai yao. 

Linganisha na Seoul, Desemba 2024. Baada ya rais kutangaza utawala wa kijeshi usiku wa tarehe 3, vijana walijaa mbele ya bunge wakiwa na taa za mkononi za konseti, zile ambazo kila kundi la waimbaji lina rangi yake, wakiimba nyimbo za pop walizokuwa wanazijua tayari kwa moyo. Hawakufundishwa wimbo mpya wala ishara mpya. Ushabiki ulikuwa umeshawafanyia mazoezi kwa miaka kumi. Kwetu mazoezi hayo yapo tangu mbeni.

Karatasi ya Jumamosi

Pendekezo ni kwamba kila fanfari, kila komite ya mashabiki, iarifu kwa maandishi hata matembezi yake ya furaha. Baada ya mwaka mmoja faili litakuwa na barua kumi na mbili zenye muhuri, njia ileile, saa zilezile, idadi ileile, bila tukio. Siku ya kudai ikifika, barua ya kumi na tatu inabadilisha mstari mmoja tu, ule wa madhumuni. Ofisa akikataa atalazimika kueleza kwa nini njia iliyokuwa salama mara kumi na mbili imekuwa hatari kwa sababu ya mstari huo, na jibu lolote atakalotoa litamweka pabaya mbele ya jaji.

Wapo watakaosema hii ni kuipa ofisi hamu ya kutoza na kukataza kisichokatazwa. Pingamizi ni zito. Katika mji ambamo kila muhuri una bei ya chini ya meza, kujipeleka mwenyewe dirishani kunaonekana kama ujinga. Lakini kuarifu hakuna ada. Akidaiwa pesa, mleta barua aombe hati ya malipo yenye jina la kodi; mara nyingi ombi hilo linamaliza mazungumzo. Na mpaka uwekwe: matanga hayaarifiwi, kilio si maandamano. Ngoma ya ndani ya kartiye, yaani mtaa, nayo iachwe, ilimradi wakumbuke kwamba makelele ya usiku ni kosa peke yake. Kinachoandikiwa barua ni kinachotembea kwenye barabara kubwa.

Hasa kinachovuka kuelekea mjini. Wabelgiji waliujenga mji huu kwa kuacha eneo tupu kati ya Wazungu na Kamalondo, na ingawa nyumba zimeujaza uwazi huo, polisi wanaendelea kuuona. Ngoma ikizunguka Kenya, Katuba au Ruashi ni ambiansi. Ikivuka, imekuwa uasi. Barua itaje kuvuka huko waziwazi, avenyu kwa avenyu, ili asije mtu kudai walibadilisha njia.

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kwa meya ikiwa njia inapita komini zaidi ya moja, na nakala kwa gavana na kwa mkuu wa polisi wa mji. Kitenzi ni kuarifu, na kifungu cha 26 kinatajwa. Tarehe, saa ya kuanza na ya kutawanyika, njia, idadi, madhumuni, vyombo vya sauti, majina matatu na simu zao. Idadi isiongezwe kwa majivuno: anayetangaza 5,000 akaleta 400 amekuwa kichekesho, anayetangaza 200 akaleta 2,000 amekuwa tishio. Nakala ya mwandishi igongwe muhuri wa kupokea, wenye tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Barua iliyoachwa kwa mlinzi mlangoni haijapelekwa. Ofisi ikigoma kugonga muhuri, rudini na watu wawili, mmoja wao wakili kama yupo, muandike siku hiyohiyo maelezo ya kukataliwa, na nakala itumwe kwa njia nyingine inayoacha alama.

Wasimamizi: mmoja kwa watu 30 hivi, wanaojuana na safu yao kwa sura. Hapa ndipo ushabiki unapoushinda uanachama wa chama chochote. Kwenye fanfari mgeni anaonekana dakika ya kwanza, kwa sababu hajui wimbo. Mwenye jiwe mfukoni hajui pa kuitikia.

Mtu akikamatwa, kifungu cha 18 kinataka aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, aweze kuwasiliana na familia au wakili, na asikae kizuizini zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Andikeni saa ya kukamatwa, si siku. Saa 48 huhesabiwa kutoka hapo, na asiye na saa husukumwa hadi Jumatatu. Ngoma na tarumbeta zipigwe picha kabla ya kutoka, na zikichukuliwa idaiwe hati ya kukamata vitu, kila chombo kwa maelezo yake. Bila hati hiyo chombo huwa hakijawahi kuwepo. Kinshasa, Machi 2015, siku ya kuanzishwa kwa vuguvugu la vijana la Filimbi, vijana walikamatwa pamoja na wageni wao wa Afrika Magharibi, wanamuziki wa rap wakiwamo. Wageni walirudishwa kwao baada ya siku chache. Wanaharakati wa Kongo Fred Bauma na Yves Makwambala walitoka Agosti 2016. Kulinganisha saa 48 za kwenye katiba na muda huo kunachosha roho, lakini hata mawakili wao walihitaji tarehe na saa ili wawe na la kusema.

Limebaki swali la nani atie sahihi, kwa kuwa fanfari nyingi na karibu karindula zote hazina hati za shirika chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Hazihitaji. Katiba imetaja waandaaji, haikutaja mashirika. Watu watatu wenye anwani wanatosha, bora wa komini tofauti, bora mmoja wao awe mama anayeheshimika mtaani, kwa sababu ofisa atafikiri mara mbili kabla ya kumfokea. Anayepiga ngoma kubwa asiwe kati yao. Polisi watamwita mwenye barua pembeni kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo huweza kuishia kituoni. Wakati huo msafara unahitaji mtu aliyebaki ndani yake anayeweza kupiga pigo la kukata.